Brothers and Sisters: Bendi iliyofiwa na gitaa ikaleta piano

Ukisikia watu wanaongelea Brothers and Sisters, albamu ya bendi ya roki ya Marekani inayoitwa Allman Brothers Band, mara nyingi wanaanza na misiba, na sikatai, misiba ilikuwepo tena mizito. Duane Allman, mwanzilishi wa bendi, yule jamaa aliyekuwa anavaa kichupa cha dawa kidoleni na kukitelezesha kwenye nyuzi mpaka gitaa linalia kama mtu, alikufa kwa ajali ya pikipiki mjini Macon, Georgia, tarehe 29 Oktoba 1971 akiwa na miaka 24. Mwaka mmoja na wiki kama mbili hivi baadaye, 11 Novemba 1972, mpiga besi Berry Oakley naye pikipiki yake ikagongana na basi, mitaa mitatu tu kutoka pale alipoangukia mwenzake, naye ana miaka 24 hiyohiyo, akagoma kwenda hospitali, akapelekwa nyumbani, na siku hiyohiyo akafariki. Wamelala pamoja kwenye makaburi ya Rose Hill hapohapo Macon. Sasa Agosti 1973 albamu inatoka, inapanda mpaka namba moja Marekani, inakaa juu wiki 5, basi watu wakapata maelezo rahisi: bendi ina majonzi, mashabiki wana huruma, hela zikaingia.

Mi naona hayo ni maelezo ya kivivu. Albamu ya huruma walikuwa wameshaitoa, inaitwa Eat a Peach, ilitoka Februari 1972 wakati msiba wa Duane bado mbichi, ina rekodi zake za mwisho, na ilifanya vizuri, ikafika namba 4. Brothers and Sisters haina hata nota moja ya Duane. Halafu ndo ikaipita. Mtu anaweza kununua sahani moja kwa ajili ya marehemu, sawa, ila hakuna redio inayorudia wimbo mchana kutwa miezi na miezi eti kwa sababu ya rambirambi.

Kilichouza ni uamuzi wa kazi, na uamuzi wenyewe ni kwamba hawakutafuta Duane mwingine.

Turudi nyuma kidogo tuelewane. Bendi ilianza 1969 na mpangilio wake haukuwa wa kawaida. Magitaa mawili, Duane na Dickey Betts, na hakuna aliyewekwa pale kushika rithimu tu usiku kucha, wote ni wapiga solo, wakikutana wanapiga melodi moja kwa sauti mbili kama waimbaji wanavyopanga sauti. Wapiga drams wawili, Butch Trucks anayesukuma mzigo na Jaimoe anayechezea pembeni kwa mkono wa jazi. Oakley kwenye besi, ila besi yake ilikuwa inatembea kama gitaa la tatu. Na Gregg, mdogo wake Duane, kwenye kinanda cha Hammond na sauti ile nzito ya mtu aliyechoka na dunia, wakati ule kijana wa miaka ishirini na kidogo tu. Albamu ya kwanza haikuuza kitu cha maana. Kilichowatoa ni At Fillmore East ya 1971, rekodi ya laivu kutoka New York, ambayo ina wimbo mmoja unaenda dakika 20 na ushee na wala huchoki.

Kwa hiyo Duane anakufa na kila mtu anasubiri kusikia ni mpiga gitaa gani atachukuliwa. Hiyo ndo akili ya kawaida, timu ikipoteza straika mashabiki wanataka straika mwingine kesho asubuhi, sasa hawa jamaa wakaleta kiungo. Wakamchukua Chuck Leavell, kijana wa miaka 20 kutoka Alabama, mpiga piano. Alikuwa Macon anapiga kwenye rekodi ya Gregg mwenyewe, ile Laid Back ambayo ilikuwa inatengenezwa kipindi hichohicho, na wakiwa wanajaribu vitu studio akawa anakaa anapiga nao mpaka ikaonekana huyu ni mwenzetu.

Nataka nikae hapa maana hapa ndo penyewe. Piano inafanya kazi ambayo gitaa la pili haliwezi. Gitaa la pili lingemlinganisha kila anayelishika na maiti, kila solo watu wangesema mbona Duane angepiga hivi, na huyo mtu angekufa kimuziki ndani ya ziara moja. Piano hailinganishwi na mtu. Halafu piano inagongwa, ina mdundo wake ndani, kwa hiyo ukiiweka katikati ya drams mbili na Hammond inayovuta sauti ndefu inafungua nafasi, muziki unakuwa mwepesi, unapumua. Bluzi nzito ya zamani, ile ya usiku wa manane, inaanza kuchangamka. Sikiliza Southbound utanielewa, ule ni wimbo wa kawaida kabisa wa bluzi ya haraka, mtu anarudi nyumbani kusini, lakini Leavell anapoingia na solo yake unasikia bendi nzima inanyanyuka, na Betts naye anapiga kama mtu aliyetua mzigo.

Halafu kuna Jessica. Hata kama hujawahi kusikia jina la Allman Brothers kuna uwezekano mkubwa huu unaujua, ndo ile tuni ya Top Gear, kile kipindi cha magari cha BBC, ilianza kutumika miaka ya 70, hii ya kina Clarkson ilikuwa vesheni iliyopigwa upya, na mwaka 2013 walipokuja huku kwetu kuzunguka Uganda, Rwanda na Tanzania na magari yao chakavu wakitafuta chanzo cha Mto Nile, tuni ilikuwa hiyohiyo. Ni wimbo usio na maneno, dakika 7 na nusu. Betts alikuwa na mawazo yake ila hayakai sawa, alikuwa anataka kutunga kitu cha heshima kwa Django Reinhardt, yule mpiga gitaa wa jazi wa Ulaya ambaye mkono wake wa kushoto uliungua moto akabaki anapiga solo kwa vidole viwili, kwa hiyo na Betts akawa anajilazimisha kupiga kwa vidole viwili, na melodi ikampata akimwangalia mwanaye mchanga anatambaa na kurukaruka. Mtoto anaitwa Jessica, basi.

Sasa usikilize wimbo unavyokwenda. Gitaa la akustiki linaanza peke yake, rithimu ya kukimbia, huyo ni Les Dudek, kijana aliyekuja studio kama mgeni. Melodi inaingia magitaa, piano na Hammond vikienda pamoja, na ukisikia haraka haraka utadhani ni wale wawili wa zamani, kumbe nafasi ya Duane imegawanywa, kipande kidogo kimeenda kwenye piano, kingine kwenye kinanda. Halafu Leavell anapewa solo ndefu kabla ya Betts. Kabla! Bendi ya gitaa, wimbo ametunga mpiga gitaa, na wa kwanza kutoka mbele ni dogo wa piano aliyejiunga juzi. Hiyo siyo bendi inayolia makaburini jamani, hiyo ni bendi imekaa chini imefikiri.

Ila kilichouza sahani kwa mamilioni ya masikio siyo Jessica, ni Ramblin' Man, na hapa kuna kichekesho. Wenyewe hawakuutaka. Betts alikuwa nao kitambo, ameuchokonoa kutoka kwa Hank Williams, mkongwe wa kantri, ambaye ana wimbo wa jina hilohilo wa miaka ya 50 mwanzoni, na bendi ilikuwa inaona ni kantri mno, sisi watu wa bluzi na jazi tutaonekanaje. Inasemekana waliingia nao studio kama vile wanatengeneza demo tu. Lakini ukiwa unamjua Betts alikotoka huwezi kushangaa, ni mtu wa Florida, amekulia kwenye familia ya fidla na banjo, kwa hiyo gitaa lake kwenye huu wimbo linaimba kama fidla, na mwishoni yeye na Dudek wanabebana kwa sauti mbili, tabaka juu ya tabaka, karibu nusu ya wimbo ni hayo magitaa tu. Mashairi ni mepesi, mtu wa njiani, kazaliwa kiti cha nyuma cha basi la Greyhound barabara namba 41, na hiyo barabara ipo, inapita Georgia, inapita hapohapo Macon. Oakley ndo anapiga besi hapo na kwenye Wasted Words, hizo mbili tu, kisha akafa, nafasi yake ikachukuliwa na Lamar Williams.

Oktoba 1973 wimbo ukafika namba 2. Uliouzuia kufika juu ni Half-Breed wa Cher. Miaka miwili haijaisha Gregg Allman kamuoa Cher, Juni 1975, na siku tisa baada ya ndoa bibie kapeleka kesi ya talaka, wakarudiana, sitaendelea maana hiyo ni makala nyingine kabisa na wala sina hamu nayo.

Sasa hesabu nyimbo. Albamu ina nyimbo 7. Betts katunga 4, Gregg 2, na Jelly Jelly ni wimbo wa zamani wa kina Earl Hines na Billy Eckstine, ambao kusema ukweli upo pale kujaza nafasi tu, unaburuza, ukiuruka hujapoteza chochote. Ile hiti ni ya Betts, Jessica ni ya Betts, Southbound ni ya Betts ingawa anaimba Gregg. Na hapa wengi wanapita haraka wakati hapa ndo kuna hela: Marekani redio za kawaida zinalipa watunzi wa nyimbo, hazilipi wapigaji. Yaani wimbo ukipigwa redioni mara elfu, anayeingiziwa ni aliyeandikwa kama mtunzi na kampuni inayoshika haki zake, mpiga drams anabaki na fungu lake la mauzo ya sahani na hela za shoo. Kwenye nyimbo za dakika 20 za Fillmore hiyo haikuwa ishu kubwa sana maana redio ya kawaida haiwezi kupiga dakika 20. Lakini ukishakuwa na hiti mgawanyo unabadilika ndani ya bendi hata kama hakuna aliyefungua mdomo. Dudek mwenyewe amesema kwa miaka mingi kwamba kipande cha katikati cha Jessica kina mkono wake, na jina lake kwenye utunzi halipo.

Hawa walikuwa watu wa undugu kwelikweli, siyo maneno ya kwenye kava. Nyuma ya kava la At Fillmore East waliweka picha ya wabeba vyombo na mafundi wao, siyo picha yao wenyewe. Brothers and Sisters ukiifungua ndani kuna picha ya ukoo mzima, wanamuziki, wake, watoto, wafanyakazi, wamejipanga shambani huko Juliette nje ya Macon, mbele ya kava ni mtoto wa Butch Trucks kwenye majani makavu, nyuma ni binti wa Oakley ambaye baba yake ameshakufa. Ukiangalia zile picha unaona watu wanajaribu kusema bado tuko pamoja. Na sahani iliyo ndani ya hilo kava ndo imeanza kuwatofautisha, maana ilimpa mtu mmoja wimbo, ikampa mwingine kazi ya peke yake nje ya bendi ya kutoroka nayo, na Duane ambaye alikuwa akikohoa wote wanakaa kimya hayupo.

Miaka miwili baadaye walipoingia kurekodi Win, Lose or Draw ilikuwa vurugu, Gregg yuko California, wengine hawatokei studio, Trucks na Jaimoe kuna nyimbo hawamo kabisa. Mwaka 1976 ikaja kesi ya dawa za kulevya, Gregg akapanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya meneja wao wa ziara, jamaa akahukumiwa miaka 75 ingawa baadaye ikapunguzwa, na wenzake wakasema na huyu hatupigi naye tena. Walirudiana baadaye, wakaachana, wakarudiana tena. Mimi sisemi hiti ndo iliua bendi, unga ulifanya sehemu kubwa sana, na hela ndo iliyonunua unga, nyie unganisheni.

Kuna kitu kingine hii albamu ilifanya nje ya bendi. Kabla yake Macon ilikuwa inajulikana kwa Otis Redding na Little Richard. Phil Walden, mwenye Capricorn Records, kampuni iliyotoa rekodi za bendi, alikuwa meneja wa Otis mpaka ajali ya ndege iliyomuua Desemba 1967, akabaki na ile mitambo na ile njaa ya kumtafuta staa mwingine, akampata Duane, ambaye alikuwa anapiga gitaa kwenye studio za Muscle Shoals, Alabama, kwenye rekodi za kina Wilson Pickett. Kwa hiyo hii inayoitwa roki ya Kusini, yaani Kusini ya Marekani, mizizi yake ni muziki wa watu weusi moja kwa moja, siyo kwa kuzungukazunguka. Jaimoe mwenyewe, mweusi, aliwahi kuwa mpiga drams wa Otis, na ndiye aliyewaleta wenzake kwenye jazi ya Miles Davis na John Coltrane. Lamar Williams, mweusi, rafiki yake Jaimoe tangu utotoni huko Gulfport, Mississippi, alikuwa ametoka vita vya Vietnam. Bendi ya watu sita, wawili weusi, Georgia, 1973, wakati sheria za ubaguzi zimefutwa miaka isiyofika kumi, na wako kwenye kava wanaishi pamoja.

Gregg alikuwa hapendi hilo jina la roki ya Kusini, alikuwa anasema roki yenyewe imezaliwa Kusini, sasa kusema roki ya Kusini ni kama kusema roki roki. Yuko sahihi kabisa. Lakini jina lilikaa, kwa sababu hii albamu ilionyesha kuna hela, na hela ikishaonekana lazima bidhaa ipewe jina. Mwezi uleule wa Agosti 1973 Lynyrd Skynyrd wakatoa albamu yao ya kwanza, na baada yao foleni nzima. Siasa nazo zikaja. Jimmy Carter, gavana wa Georgia, alikuwa rafiki wa Walden, na alipogombea urais bendi za Capricorn zikampigia shoo za kuchangisha, Allman Brothers walipiga Providence, Rhode Island, mwishoni mwa 1975. Na kwa sheria mpya ya wakati ule michango midogo ya wananchi serikali ilikuwa inaiongezea kiasi kilekile, kwa hiyo shoo ya roki ilikuwa mashine ya hela ya kampeni kwa mtu ambaye matajiri wa chama walikuwa hawamjui vizuri. Carter hakuwahi kuficha kwamba ile michango ilimbeba. Watu wa Kusini waliokuwa wanaonekana kwenye TV kama wabaguzi tu wanaowafukuza waandamanaji weusi kwa mbwa na mabomba ya maji wakapata sura nyingine, nywele ndefu, gitaa, gavana mkulima wa karanga.

Sasa waliofuata walichukua nini? Walichukua magitaa, Skynyrd wakaweka matatu kabisa. Walichukua kofia, barabara, whisky, na wengine wakatundika jukwaani ile bendera ya vita ya Kusini, ya upande uliopigania utumwa, ambayo sijui ungemwelezaje Jaimoe. Hata drams mbili walichukua, .38 Special walikuwa nazo, ila mkono wa Jaimoe hawakuchukua, na huo ndo unafanya Jessica isikimbie ikaanguka. Ukisikiliza roki nyingi ya Kusini ya mwishoni mwa miaka ya 70 mdundo umenyooka mno, nzuri kwa bia, lakini haibembei.

Na hao wageni wawili, Leavell na Williams, ambao mi nasema bila wao hii sahani isingekuwepo? Bendi ilipovunjika 1976 waliondoka na Jaimoe wakaunda Sea Level. Leavell mambo yamemnyookea, yuko na Rolling Stones tangu 1982, na nyumbani Georgia ana shamba kubwa la miti. Williams alifariki 1983 kwa saratani ya mapafu, ana miaka 34, na ugonjwa wake umehusishwa na ile sumu ya Agent Orange iliyomwagwa Vietnam. Rudi usikilize besi yake kwenye Jessica chini ya solo ya piano, haonyeshi ufundi wowote wa kutafuta makofi, anashika tu njia na kuisukuma, Oakley angepiga mara tatu zaidi na wimbo ungejaa.

Mwaka 1995 Rock and Roll Hall of Fame, ule ukumbi wa heshima wa roki, ikaipokea bendi. Wakaitwa watu sita: Duane, Gregg, Betts, Oakley, Trucks, Jaimoe. Wale wa mwanzo. Albamu yao pekee iliyofika namba moja besi kwenye nyimbo 5 kati ya 7 ni ya Lamar Williams, piano ni ya Chuck Leavell, na majina yao kwenye ile orodha hayamo.